Mfiwa aulizwe kanyang'anywa nini

Mwanangu Neema,

Marahaba. Umeniuliza kwenye kadi ya mwenzako wa kazini aliyefiwa na mama yake uandike bereaved au bereft, maneno ya Kiingereza ya mtu aliyeondokewa, na kama ni kweli alivyokuambia yule mwongoza watalii wa Carlisle, mji wa kaskazini mwa Uingereza, kwamba maneno hayo yalianzia kwa wezi wa ng'ombe wa mpaka wa Uingereza na Skotlandi.

Nianze na la pili. Si kweli. Wezi hao, waliojulikana kama reivers, walitamba mpakani mpaka mfalme James alipozishika nchi zote mbili mwaka 1603 akawatia adabu. Neno limewatangulia kwa karne nyingi. Lilikuwamo katika Kiingereza cha kale, bereafian, kabla Wanormandi wa Ufaransa hawajavuka bahari kuiteka Uingereza mwaka 1066, na maana yake ilikuwa kupora. Mjerumani mpaka leo akisema berauben anamzungumzia jambazi. Reivers na wafiwa ni wa ukoo mmoja, lakini hawakuzaana.

Hayo maneno yako mawili ni kitenzi kimoja chenye sura mbili. Baadaye yakaanza kugawana kazi: bereaved likabaki na waliofiwa, bereft likawachukua waliopungukiwa matumaini au nguvu. Bassanio wa Shakespeare anamwambia Portia kuwa amemnyang'anya maneno yote, bereft, na anasema kwa furaha ya kupata mchumba. Lakini mimi wangu ni Yakobo. Chukua Biblia ya Kiingereza ya 1611, kama ile ya babu yako, fungua Mwanzo 42. Yusufu hayupo, Simeoni hayupo, na sasa wanataka Benyamini. Mzee halilii kifo. Anawageukia wanawe: ninyi ndio mmeniondolea watoto, bereaved. Na alisema kweli kuliko alivyojua, maana Yusufu hakufa, wao wenyewe walimuuza.

Ndiyo maana nasema siku zote, mfiwa asiulizwe anajisikiaje, aulizwe kanyang'anywa nini.

Siku ya kuanua matanga ya baba yako wewe unaikumbuka kwa cherehani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikikulipia ada. Mimi naikumbuka kwa koti. Baba yako mkubwa na wale vijana walipakia redio, wakapakia baiskeli, wakapakia cherehani, nami nimekaa mkekani na wanawake wenzangu sisemi kitu. Kisha akarudi ndani peke yake, akalitoa lile koti la kijivu msumarini, akalivaa. Saa saba mchana, jua la Muheza, mtu kavaa koti la sufu! Kiwiko cha kushoto nilikitia kiraka mwenyewe kwa uzi wa kahawia, mweusi ulikuwa umekwisha. Gari lilipoondoka alikuwa ameegemeza mkono dirishani, na kile kiraka nikakiona mpaka kwenye kona ya kanisa.

Miaka mingi baadaye, kwenye kamusi kubwa ya shuleni, nilikuta kwamba katika Kiingereza hicho cha kale reaf ilikuwa nyara, na reaf hiyohiyo ilikuwa nguo. Vitani, aliyeuawa alivuliwa. Hata robe, joho la majaji, limetoka mzizi huohuo kwa kupitia Ufaransa. Nilifunga kamusi nikatoka nje, darasa likanisubiri.

Lakini nisimwonee. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa ndugu, huo si wizi. Mimi mwenyewe nina khanga za shangazi yangu na ninazivaa. Na yeye alifiwa. Walinyonya titi moja. Huenda alitaka tu kuvaa alichovaa mdogo wake. Haya, na cherehani je? Haikuwa ya baba yako. Niliinunua kwa pesa yangu ya kushona sare, na yeye alijua. Hapo ndipo ninapokwama. Koti namsamehe, halafu nakumbuka cherehani. Cherehani naiachilia, halafu naona kile kiwiko. Ulimi unataka kumwita jina linalomfaa, na mara nyingi umefika kwenye meno. Simwiti. Naye kanyang'anywa siku ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza nini.

Kwenye kadi andika bereaved, ndilo wanalolitarajia huko. Ila usiishie kwenye kadi. Wakishatawanyika waliokuja kumpa pole, muulize mama yake alikuwa akimfanyia nini ambacho sasa hana wa kumfanyia. Mwache aseme mpaka amalize, usimkatize kwa kumwambia atazoea.

Na ukimpigia baba yako mkubwa, msalimie. Cherehani usiitaje. Siku nikitaka itajwe nitaitaja mwenyewe.

Mama yako