Kabla ya Kumuuliza Babu Habari za Manowari

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa Jeshi la Wanamaji la Kifalme la Afrika Mashariki, jeshi lililokuwa na makao yake Mombasa na ambalo lilivunjwa mwaka 1962. Manowari aliyoitumikia iliitwa Rosalind. Kwa miezi saba nilikaa naye barazani kwake Likoni nikiandika kumbukumbu zake, na kwa kuwa wazee wa rika lake wanatutoka mmoja baada ya mwingine, napenda kumshauri kila mwenye babu, mjomba au jirani aliyewahi kuivaa sare ile, asije akapoteza muda nilioupoteza mimi.

Swali langu la kwanza lilikuwa kama aliwahi kupigana vita. Alijibu kuwa hakupigana, akanyamaza, na mazungumzo ya siku ile yakaishia hapo. Baadaye nilitambua kuwa swali lenyewe lilikuwa limemvunjia heshima, kwa maana lilipima miaka yake yote ya utumishi kwa jambo moja ambalo halikumtokea. Kwa hiyo usianze na vita. Anza na kazi. Juma lililofuata nilimuuliza alikuwa akiamka saa ngapi melini na mikono yake ilikuwa ikishika kitu gani kwanza, naye akazungumza mpaka adhana ya magharibi.

Alichokuwa akikishika ni waya. Rosalind iliundwa Glasgow na kushushwa majini mwaka 1941, kwa muundo wa zile meli zinazovua samaki kwa kukokota nyavu, na meli za aina hiyo zilifaa kusafisha mabomu ya baharini kwa sababu zilikuwa tayari na winchi zenye nguvu. Palipokuwa na wavu pakafungwa waya. Waya huo mrefu huteremshwa kutoka shetri, yaani nyuma ya meli, ncha yake ikashikiliwa na boya, na vibao maalumu vikauvuta upande na kuuzamisha kwenye kina kinachotakiwa, ili meli inapokwenda uikate kamba ya chuma inayolifunga bomu kwenye nanga yake chini. Bomu likiibuka, hupigwa risasi kutoka mbali. Enzi za babu yalikuwa mazoezi tu, lakini hatari ya waya haikuwa ya mazoezi. Aliniambia, "Mjukuu wangu, waya uliokazwa ukikatika, mguu wako umekwenda kabla sauti haijakufikia." Nisingelipata neno hilo kwa kuuliza habari za vita.

Sikiliza pia lugha yake, wala usiisahihishe. Katika daftari langu la kwanza kila aliposema shetri niliandika "nyuma ya meli", aliposema omo nikaandika "mbele", na vina alivyovihesabu kwa pima nikavigeuza kuwa mita. Niliposoma upya nilikuta maelezo ambayo mtu yeyote angeweza kuyatoa, na sauti yake haimo, ikanibidi nirudie kurasa zote. Liandike neno kama alivyolitamka, kisha ulieleze pembeni.

Kuhusu miaka, usimlazimishe. Baharia wa pwani huhesabu kwa pepo za kusi na kaskazi, na kwa mambo makubwa yaliyotokea akiwa zamuni. Babu hakukumbuka mwaka alioingia, ila alikumbuka kuwa hakuwa amemaliza mafunzo walipotangaziwa gatini kwamba mfalme amefariki, na kaskazi ilikuwa ikivuma. Mfalme George wa Sita wa Uingereza alifariki tarehe 6 Februari 1952, wakati bintiye Elizabeth alikuwa huku huku Kenya, na Februari ndio wakati wa kaskazi. Hivyo mwaka wake ukapatikana bila yeye kuonekana kama mtu anayehojiwa na polisi. Cheti chake cha utumishi tulikipata baadaye sandukuni, nacho kikakubaliana naye.

Mwite bibi barazani. Bibi yangu alikuwa akitusikiliza kutoka ndani, na siku aliyotoka alieleza mshahara ulivyogawanywa, harufu ya mafuta isiyotoka katika nguo hata zikifuliwa mara tatu, na jinsi alivyokuwa akienda kivukoni kutazama kama manowari imerudi Kilindini. Nusu ya kumbukumbu za melini zimo nchi kavu, kwa wanawake waliongoja.

Lipo jambo moja nililokosea ambalo bado linaniuma. Babu alitaja rafiki yake aliyeanguka baharini usiku, kisha akasita. Mimi nikamsukuma aendelee. Kwa wiki mbili hakutaka tena kukaa nami. Mzee akisita, zima kinasa sauti, funga daftari, umpe chai, na msiguse habari hiyo mpaka airudie mwenyewe. Babu aliirudia miezi mitatu baadaye, jioni moja tukiwa tunatazama feri, akaisimulia tangu mwanzo hadi mwisho, akaniomba nisiliandike jina la yule kijana kwa kuwa ndugu zake wangali hai. Sikuliandika.

Mwishowe msomee yote uliyoyaandika, kwa sauti na polepole, kwani masikio yaliyokaa miaka kando ya injini hayasikii vizuri. Nilipomaliza kumsomea, babu aliniuliza mbona mpishi wa meli simwoni, yule aliyewatilia nazi katika maharage hata bahari ilipochafuka. Nikafungua ukurasa mpya.