Vigingi vya chaza mbele ya nyumba zetu

SWALI: Assalaam aleikum Bibi. Naishi Mikindani hapa Mombasa, nyumba yetu imepakana na mikoko ya hori ya Tudor. Wiki tatu zilizopita walikuja watu na boti, maji yamekupwa, wakachomeka vigingi na kufunga kamba za buluu na nyavu. Wanasema ni shamba la chaza. Kina mama waliozoea kuchokoa chaza pale sasa wanaambiwa wasikanyage. Tukiuliza karatasi tunajibiwa "kibali kipo". Mume wangu na majirani wanataka kwenda usiku wakate kamba. Nimesoma kuwa huko Marekani wenye nyumba za ufuoni wamepinga mashamba kama haya hadi mahakamani. Sisi tuna nguvu gani?
— Mama wa watoto wanne, Mikindani

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Kwanza mwambie mumeo arudishe kisu jikoni. Kamba zikikatwa usiku, kutakapokucha kesi ni ya kuharibu mali ya watu, na washtakiwa ni nyinyi. Habari ya kibali itakuwa imezikwa hapo hapo.

Hao Wamarekani uliowasoma bila shaka ni wa jimbo la Washington, kwenye hori lao kubwa liitwalo Puget Sound. Huko mwaka 1895 zilipitishwa sheria za kuwauzia wafuga chaza ardhi ya ufuoni, ile inayofunikwa na kufunuliwa na maji. Ndiyo maana hadi leo mtu anaweza kuamka akakuta mbele ya nyumba yake safu za mabomba ya plastiki yaliyozamishwa mchangani, ndani yake anafugwa kome mkubwa aitwaye geoduck, na ufuo wenyewe una mwenyewe. Wakazi walipoona hawawezi kudai ufuo, walikamata kibali. Mwaka 2019 jaji wa mahakama ya shirikisho aliamua kuwa kibali cha jumla walichopewa wafugaji na kikosi cha wahandisi wa jeshi kilikiuka sheria, kwa sababu athari kwa mazingira hazikuchunguzwa inavyopasa.

Sasa sisi, mwanangu, tuna kitu ambacho wao hawana. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hapo vilipochomekwa vigingi ni pa umma. Si pa mwenye boti, na niseme wazi, si penu wenye nyumba pia, hata kama ukuta wenu unalowa kwenye bamvua. Mtu anaweza kupewa leseni ya kufuga pale, lakini leseni si hati ya kumiliki.

Kwa hivyo ombeni karatasi, na muombe kwa maandishi. "Kibali kipo" si jibu. Ufugaji wa viumbe vya majini unahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2016. Hiyo ndiyo ya kwanza. Ya pili, ulizeni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kama mradi ulipitia kwao, na kama ulipitia, leseni ilitolewa tarehe ngapi. Tajeni kwenye barua Sheria ya Upataji Habari ya 2016: ofisi ya umma inatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Pelekeni kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Na mwende mkavitazame vigingi vyenyewe. Kama ni boriti za mkoko zilizokatwa hapo hapo, hiyo ni kesi nyingine kabisa, kwani mikoko yote ya pwani hii ni msitu wa serikali tangu 1932.

Nasisitiza tarehe kwa sababu imeniuma mwenyewe. Kwetu Mtongwe tajiri mmoja alianza kumwaga kifusi ufuoni, pale mama yangu alipokuwa akibandua chaza kwa bisibisi ya baiskeli. Tukaandika barua kwa chifu, kwa mwakilishi wa wadi, kwa mbunge. Tukaitwa barazani, tukanywa chai, tukaahidiwa. Tulipofika kwa wakili, alisimama mbele ya kalenda ya ukutani akahesabu kwa kidole, mraba kwa mraba, bila kusema neno. Siku 74. Rufaa dhidi ya leseni ya NEMA hupelekwa kwenye baraza la rufaa za mazingira ndani ya siku 60. Kile kifusi leo kimejengwa ghala, na mimi nikipita pale naangalia upande wa pili.

Siku 60 zikipita, mlango haujafungwa wote. Ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi, bila kulazimika kuthibitisha kuwa yeye mwenyewe ameumia. Majirani zenu wa Owino Uhuru walipita njia hiyo juu ya sumu ya madini ya risasi: walishinda hapa Mombasa mwaka 2020, wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, wakapokonywa na Mahakama ya Rufaa, na Mahakama ya Juu ikawarudishia Desemba 2024. Unaona ilivyo ndefu. Ndiyo maana nataka muanze na siku 60.

Hao kina mama wachokoaji wawe mbele, sio nyuma yenu. Wao ndio waliopoteza riziki. Nyinyi mmepoteza mandhari na pa watoto kuogelea. Mpelekeni mama mmoja kwenye mkutano wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, aseme anapita wapi na huchokoa siku gani za bamvua. Huenda hamhitaji shamba lote liondoke. Huenda mnahitaji njia ya kupita, na kina mama wapewe kamba zao wenyewe wafuge. Mimi si adui wa chaza. Kinachonichoma ni shamba lililoingia bila mtu kuulizwa.

Na jambo moja zito ambalo hukuliuliza. Chaza hula kwa kuchuja maji, na vijidudu vya choo vilivyomo majini hukusanyika mwilini mwake. Akiliwa mbichi au nusu mbichi, huleta kuhara, homa ya ini, hata kipindupindu. Muulizeni mfugaji nani anapima maji na matokeo yako wapi. Lakini kabla hajawarudishia swali hilo, shukeni maji yakipwa kabisa, mfuate ukingo kuanzia kwenu hadi mwisho wa mtaa, mhesabu mabomba yanayotokeza chini ya kuta za nyumba na kumwaga horini. Likiwemo la kwenu, lizibeni kwanza, mchimbe shimo, ndipo mpeleke barua.