Kupima jumba la kale: mambo ya kushika kabla hujafungua futi kamba

Ukipelekwa kupima jumba kama Chatsworth, lililoko Derbyshire nchini Uingereza, usianze na ule upande unaopigwa picha kila siku. Anza na ramani ya vyumba. Jumba lilianza kujengwa mwaka 1552, likizunguka ua wa katikati. Kuanzia 1687 Duke wa kwanza wa Devonshire akalijenga upya upande mmoja baada ya mwingine: kusini akampa msanifu William Talman, na kaskazini, mwishoni kabisa, akampa msanifu Thomas Archer. Ua ukabaki.

Kujenga kwa vipande hivyo kulileta tatizo. Archer alikuta ncha ya kaskazini ya upande wa magharibi imetokeza futi 9, yaani karibu mita 2.7, kuliko ile ya mashariki. Akaupinda kidogo ukuta wake wa mbele ili jicho lisione kasoro. Ni ufundi wa hali ya juu, lakini ukiuchora ukuta huo kama mnyoofu, mchoro wako hautafunga, yaani mistari yake haitakutana.

Kwa hiyo pima kuta zote za kila chumba pamoja na mishazari yote miwili, yaani mistari ya kutoka pembe hadi pembe inayoielekea. Bila mishazari unabaki kukisia kwamba pembe ni nyuzi 90. Madirisha yapime kwa mfululizo kutoka pembe moja bila kuhamisha futi kamba. Ukipima kimoja kimoja, kosa la milimita 5 mara 20 hufika sentimita 10. Andika pia unene wa kuta: ukuta mnene kupita kiasi katikati ya nyumba huenda zamani ulikuwa wa nje.

Mabanda ya farasi wengi huyaruka kwa kuwa siku hizi yana mgahawa na maduka. Hiyo ni hasara. James Paine aliyasanifu katika karne ya 18 kwa ajili ya farasi 80, yote kwa wazo moja, kwa hiyo pande zake hulingana. Vipimo vyako visipolingana, rudia kupima kabla ya kumlaumu mwashi.

Katika banda lolote la kale, kagua sehemu ya chini ya kuta. Mkojo wa farasi huacha chumvi ndani ya mawe. Chumvi huvuta unyevu, na jiwe humeguka. Usikubali plasta ya saruji hapo, maana hufungia unyevu ndani. Tumia chokaa, ukuta upumue.