Usiulize kama kijiji kina usalama, uliza kinaibiwa nini

Usiku ule machungwa yangu yanaibiwa mi sikusikia kitu kabisa. Nimelala hatua kama mia tatu kutoka shambani, mbwa hajabweka, asubuhi natoka na kikombe changu cha chai naenda kuangalia shamba nakuta miti kama ishirini ya upande wa barabarani imechumwa mpaka machanga, matawi yamevunjwa yananing'inia, na chini kuna alama za tairi za gari kubwa. Ulikuwa msimu wangu wa kwanza Muheza. Nilitoka Mbagala ambako nilishaibiwa simu mbili na pasi kupitia dirishani, nikaja huku na imani kwamba wizi nimeuacha mjini.

Polisi sikwenda. Kituo kiko mbali, boda kwenda na kurudi ni hela ya kula siku mbili, halafu nikifika naeleza nini, chungwa halina alama, likishachanganywa na mengine kwenye gari nani atalitambua? Majirani walinipa pole wakasema ndo msimu ulivyo. Mwenyekiti wa kitongoji alinisikiliza vizuri tu lakini hakuandika popote. Kwahiyo kwangu ile ilikuwa ada ya mtoto ya muhula mzima imeondoka, ila kwenye vitabu vya serikali hakuna kilichotokea.

Nasimulia hili kwa sababu siku hizi watu wengi wananitafuta, wanataka kununua shamba au kujenga huku Tanga vijijini, na karibu wote swali lao ni moja, "eti dada, huko kuna usalama?" Wengine wanakuja na takwimu kabisa, wamesoma uhalifu umepungua mkoa fulani umeongezeka mkoa fulani, wanataka niwathibitishie. Sasa ngoja niseme ninavyoelewa mimi baada ya miaka ya kuishi huku, kwa sababu naona watu wanafanya maamuzi makubwa ya maisha kwa namba ambazo hawajajua zinatoka wapi.

Takwimu zipo na uzisome. Jeshi la Polisi wakishirikiana na Ofisi ya Taifa ya Takwimu huwa wanatoa taarifa ya hali ya uhalifu na ajali za barabarani, kwa mikoa ya kipolisi. Makosa yanawekwa kwenye mafungu, kuna makosa dhidi ya binadamu kama mauaji na ubakaji, kuna ya kuwania mali, yani wizi, uvunjaji, wizi wa pikipiki na mifugo, na kuna dhidi ya maadili ya jamii, humo ndo utakuta bangi, mirungi, gongo, wahamiaji haramu, magendo. Hilo fungu la mwisho lisome kwa makini sana. Mtu akiibiwa mbuzi anaenda kulalamika mwenyewe, ila mwenye gunia la mirungi haendi kituoni kujiripoti, hilo kosa linaingia kwenye kitabu pale polisi wanapotoka kumtafuta. Mkoa kama Tanga wenye mpaka wa Horohoro na pwani ndefu yenye bandari bubu, wakifanya msako namba inapanda, wasipofanya inashuka, na mirungi ni ile ile.

Halafu kuna hili la kiwango kwa kila watu 100,000. Wazo ni zuri, maana huwezi kulinganisha mji mkubwa na kata kwa kuhesabu matukio tu. Lakini likija kijijini linachezea akili. Chukua kata ya watu 8,000, mwaka mzima nyumba nne zimevunjwa. Ukipiga hesabu ni 50 kwa kila watu 100,000. Chukua mji wa watu laki 4 ambako zimevunjwa nyumba 120, hapo ni 30. Kwa karatasi hiyo kata ni hatari kuliko mji! Na mwaka unaofuata kata wakivunjiwa wawili badala ya wanne utasikia uvunjaji umepungua kwa asilimia 50, watu wanapiga makofi, kumbe tofauti ni nyumba mbili, na pengine kijana mmoja tu kahamia kwa mjomba wake Handeni. Kwa sehemu ndogo usiangalie mwaka mmoja, angalia mitano na zaidi.

Na mipaka nayo inahama. Sensa ya 2002 Muheza ilihesabiwa watu 279,423, ya 2012 ikaja 204,461. Watu hawakukimbia, Mkinga ilimegwa ikawa wilaya yake. Ukilinganisha kesi za Muheza ya zamani na ya sasa bila kujua hilo utadhani watu wamekuwa malaika.

Lakini kilichonifumbua macho zaidi ni mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu. Mi nilikuwa siendi, naona ni mambo ya wenyeji. Mwaka wa pili nikaenda, ilipofika agenda ya ulinzi na usalama nikasimama huku natetemeka nikaeleza machungwa yangu. Mzee mmoja pembeni akasema hata mimi. Mwenyekiti akauliza nani mwingine msimu ule aliibiwa, mikono ikaanza kunyanyuka, nikahesabu kumi na moja. Kumi na moja, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na RB, ile namba ya kesi ya polisi! Kila mmoja alidhani ni mkosi wake peke yake. Wengine walikuwa wameshaanza kumshuku jirani asiyehusika.

Siku ile ndo yakatoka maazimio, kwamba gari halipakii machungwa baada ya magharibi, anayenunua aandikishe ofisini kwa mtendaji, vijana wa ulinzi shirikishi wapite njia mbili za kutokea barabara kubwa kwa zamu, na anayeibiwa hata kuku aripoti, ofisini kwanza halafu polisi, kama nauli hana kamati ya ulinzi na usalama imsaidie. Mwaka uliofuata kijiji chetu ambacho kilikuwa hakina kesi za wizi wa mazao kikawa na tisa zimeandikwa. Sasa mtu aliyekaa mbali akiishika hiyo karatasi atasema kijiji kimeharibika. Sisi tunajua ule ndo mwaka tulianza kulala.

Kwahiyo ukiniuliza sehemu yenye kesi chache ni salama, nitakuuliza wewe, kituo kiko kilometa ngapi? Watu wanakiamini? Zikifika kule zinaishia wapi, au zinamalizwa kindugu? Kesi chache inaweza kuwa kweli kuna amani, na inaweza kuwa watu wamekata tamaa. Utaijua tofauti ukikaa nao.

Namna ya kukaa nao ndo hii. Usiingie na dalali halafu ukaondoka na dalali. Nenda ofisi ya kijiji, jitambulishe kwa mtendaji, halafu shuka kwa mwenyekiti wa kitongoji na balozi. Usiulize "kuna usalama?" maana jibu ni "upo tu", nani atakuambia kwao kubaya. Uliza mara ya mwisho kuibiwa hapa ni lini na kimechukuliwa nini. Uliza msimu gani wizi unapanda. Watakuambia bila shida, huku kwetu machungwa, kwingine nazi na korosho, mbuzi wanaondoka kuelekea sikukuu, na siku hizi paneli za sola, betri na pampu za maji, vitu vya wageni kama wewe hivyo. Mama lishe wa kituo cha boda anajua mengi kuliko unavyodhani, kunywa chai pale mara mbili tatu. Na siku hizi kuna wakaguzi wa polisi wanaopangiwa kata, ulizia wa kata hiyo, namba yake watu wanayo au hawana? Mi hilo swali peke yake linanipa picha kubwa. Kama bodaboda watatu mfululizo hawamjui, hapo jua ulinzi ni wenu wenyewe.

Sasa nije kwenye hatari zenyewe, maana mtu wa mjini anakuja anaogopa majambazi wenye silaha na simba wa kwenye hadithi, anaweka ukuta na vyupa juu, kumbe kitakachomuumiza kinapita mlangoni kinabisha hodi.

Ardhi ndo ya kwanza na naisema kwa uchungu. Nilikaribia kununua shamba la pili ambalo tayari lilishauzwa kwa mtu wa Tanga mjini. Dalali alikuwa mcheshi, muuzaji mzee wa heshima, karatasi ina mhuri. Kilichoniokoa ni kuzunguka mipaka yote minne nikiwa peke yangu na kumsalimia kila jirani, wa tatu akaniuliza, "mwanangu, kwani yule wa mwanzo kakuuzia wewe?" Hapo hapo miguu iliisha nguvu. Ardhi ya kijiji mgeni hanunui kwa mtu na mtu chini ya mwembe, ni lazima ipite halmashauri ya kijiji, majirani wa mipaka wasaini, malipo ya kijiji yawe na risiti. Ukiona unaharakishwa kwamba kuna mteja mwingine anakuja kesho, mwache huyo mteja aje. Na huu utapeli mara nyingi hauingii kwenye takwimu za wizi, unaishia kuitwa mgogoro wa ardhi, unazunguka mabarazani miaka.

Ya pili ni boda usiku. Mi hapa nimezika watu watatu ninaowajua, hakuna aliyeuawa na jambazi, wote pikipiki, wawili barabara kuu ya Segera mmoja kwenye kona ya kwenda Amani wakati wa ukungu. Chagua dereva wako mmoja au wawili, wajue kwao, usipande watu wawili nyuma, na kama una safari ya saa kumi alfajiri kuwahi basi mpigie jioni.

Ya tatu watu hawapendi niiseme lakini nitaisema. Yanayotokea ndani ya nyumba. Mke anapigwa, binti wa darasa la sita anaharibiwa na mtu anayemwita mjomba, familia mbili zinakaa, inatolewa mbuzi na hela, imeisha. Mtaani kimya, kijiji kinasifiwa utulivu. Ukiwa na watoto wa kike uliza mabinti wangapi wameacha shule mwaka jana na kwanini, walimu watakwambia. Vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na namba ya kupiga kwa ajili ya mtoto ni 116, ni bure. Mtu akiumizwa achukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na RB, hivyo haviuzwi. Ukiombwa hela ya fomu, piga 113 ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa.

Na tafadhali, mwizi akikamatwa usiwe kwenye lile kundi. Magazeti yanaandika wananchi wenye hasira kali, mi nimeiona hasira yenyewe kwa macho, kijana kashikwa na kuku wawili, watu niliokuwa nawaheshimu wameshika mawe. Mtendaji na mama mmoja mzee walimkinga kwa miili yao mpaka gari la polisi likafika. Yule kijana leo anafyatua matofali, kanijengea hata mimi choo. Sehemu ambayo watu wanachoma wezi nayo ukiisikia ikisifiwa kwamba "huku wezi hawathubutu", mi nisingehamia, kwa sababu siku moja watakosea mtu, na mgeni ndo anakosewa kirahisi.

Ukishafika hama kwa adabu. Jiandikishe kwenye daftari la wakazi, hudhuria misiba, changia zamu ya ulinzi kama si kwa kutembea usiku basi kwa tochi na majani ya chai. Usikae miezi sita watu wanakuita yule wa kwenye geti la bluu. Namba ya polisi ya dharura ni 112 lakini saa nane usiku atakayefika kwanza ni jirani, na jirani anatoka kwa mtu anayemjua jina. Sola funga kwa nati za kukata, zile ambazo kichwa kinakatika ukizikaza zisifunguliwe tena, na uandike jina kwa rangi nyuma ya paneli, boda ya kwako ilaze ndani. Meseji za "tuma kwenye namba hii" zinafika hata kusikofika lami, zipeleke 15040, na uwaeleze wazee wa nyumbani mapema.

Kuna dada kanipigia juzi anataka shamba huku, nimemwambia asije kwa gari asubuhi akageuza jioni. Aje tarehe ambazo hakuna mbalamwezi, afikie kwangu, alale siku mbili. Usiku saa tatu tutatembea kutoka dukani mpaka kwenye hilo shamba analolitaka, tuone taa ziko wapi, nani anatusalimia njiani, na mbwa wa nani anabweka.