Picha ya kifua safi, mbona pumzi inakata?

Nililazwa kwa UVIKO-19, nikawekewa oksijeni. Miezi minne sasa, eksirei safi, ila nikipanda ngazi nahema. (Ngamiani, Tanga)

Eksirei hukosa mengi. Kuta za vifuko vya hewa zikinenepa kwa makovu, oksijeni hupenya polepole. Ukiwa umekaa, damu huwahi kuichukua. Ukitembea, damu hupita mbio na kuiacha. Ndiyo maana kupimwa kitini tu hakutoshi.

Kaa dakika 5, vaa kipimo cha oksijeni cha kidoleni, subiri namba ya oksijeni (asilimia, SpO2) itulie, iandike. Ikiwa chini ya 96, usijijaribu nyumbani; chini ya 92, nenda hospitali leo hii. Ikiwa 96 kwenda juu, simama na ukae mfululizo kwa dakika 1 bila kujishika, mtu akiwa karibu. Ukihisi kizunguzungu au kifua kuuma, acha. Endelea kuitazama namba dakika moja baada ya kumaliza. Ikishuka kwa 3 au zaidi, mwambie daktari, na uulizie CT-Scan (picha ya kina ya mapafu) na kipimo cha kupuliza, cha nguvu za mapafu.

Kidole kiwe hakina piko wala rangi ya kucha, maana mwanga wa kipimo huzuiwa (akina mama waliotoka harusini, mnasikia?). Mkono wa baridi nao hudanganya, usugue kwanza.

Makovu yanaisha?

Mengi ya yanayoonekana miezi ya mwanzo ni uvimbe, nao huendelea kupungua hadi mwaka. Kovu lililokwisha kukunja pafu haliondoki. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, miligramu 6 kwa siku, zisizidi siku 10, ni ya mgonjwa wa UVIKO anayehitaji oksijeni. Kuendelea kujinunulia dawa hiyo dukani hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala.

Nyungu je?

Hulainisha pua. Kwenye kovu haifiki, na maji ya moto huunguza.

Nafanya kazi kwenye korona (kiwanda cha kusaga mkonge), upande wa brashi, zinakosuguliwa nyuzi kavu. Nirudi?

Siyo kwenye brashi wala kufunga marobota. Vumbi la nyuzi kavu liko huko. Omba upande wa kusaga majani, yakiwa bado mabichi. Kitambaa hakizuii vumbi laini, tafuta barakoa ya N95 inayobana pembeni. Kikohozi kikifika wiki 2 usikihesabu kuwa ni masalia ya UVIKO: peleka makohozi yapimwe kifua kikuu.