Ukimpa mgonjwa tovuti, uwe umeisoma wewe kwanza

Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wagonjwa wanatafuta habari za ugonjwa wao kwenye simu hata tukinyamaza. Mtu anapimwa sukari Kadutu, na kabla hajafika nyumbani amekwisha kutumiwa sauti ya WhatsApp inayosema majani fulani yanamaliza ugonjwa wote. Mimi ni muuguzi, na sioni faida ya kumkataza mtu simu yake. Afadhali nimwandikie nyuma ya karatasi ya dawa ukurasa ninaouamini. Nawaomba wenzangu mfanye vivyo hivyo, mradi ukurasa huo mmeusoma wenyewe mpaka chini.

Chukueni mfano wa kipimo cha sukari ya damu. Mashine zetu nyingi zinahesabu kwa miligramu kwa desilita. Tovuti za Ufaransa zinahesabu gramu kwa lita, za Uingereza milimoli kwa lita. Kwa mtu ambaye hajala tangu usiku, mpaka wa kusema ana kisukari ni 126 kwetu, 1.26 kwa Wafaransa, 7 kwa Waingereza, na kipimo ni kilekile. Mama mmoja alinirudia na simu mkononi, midomo imemkauka: “Muganga, huku wanasema ukifika saba uko mgonjwa, na mimi niko na tisini na nane. Nitapona kweli?” Alikuwa mzima kabisa! Tangu hapo kila ninapompa mtu ukurasa wa sukari, naandika matokeo yake kwa hesabu inayotumika kwenye ukurasa huo.

Chakula nacho ni vilevile. Tovuti ya bima ya afya ya Ufaransa, ameli.fr, inaeleza kisukari vizuri sana, lakini mifano yake ni ya mkate na jibini. Anayekula bugali ya muhogo kila jioni atasoma na kuona hayamhusu. Kaa naye dakika chache, mwambie: panaposema mkate, wewe soma bugali. Punguza donge, ongeza sombe (majani ya muhogo), na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kula bila wasiwasi ila mafuta yawe kidogo. Na panapoandikwa “piga 15”, hiyo ni namba ya dharura ya Ufaransa. Ifute, andika namba ya kituo chako.

Kwa wasiosoma Kifaransa, MedlinePlus ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ina maelezo ya Kiswahili, na miongozo ya tiba ya MSD, kampuni ya dawa, pia ina toleo la Kiswahili kwa watu wa kawaida. Zamani wengine walitafuta chini ya ukurasa alama ya HONcode, iliyopewa tovuti za afya zilizokaguliwa kuwa za kuaminika. Shirika la Geneva lililoitoa lilifunga shughuli mwishoni mwa 2022, basi ukiiona leo isikutulize. Tazama nani ameandika, lini ukurasa ulirekebishwa, na kama mwishoni kuna dawa ya kuuziwa.

Usimwachie mtu jina la tovuti peke yake, maana mega za intaneti ni ghali na atapotelea humo. Mpe ukurasa mmoja. Mimi naupiga picha na kumtumia, ausome hata mtandao ukikatika. Kama ni mzee asiyesoma, naomba mjukuu wake aingie, asome kwa sauti mbele yangu, nasi tunasimama pale asipoelewa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: kabla ya kutuma, uliza simu ni ya nani. Wanawake wengi wanatumia simu moja na mume au shemeji. Ukurasa wa dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, au wa uzazi wa mpango, ukionekana kwenye simu hiyo unaweza kumletea kipigo au kumfukuzisha nyumbani. Kwa mama wa namna hiyo situmi kitu. Nafunga mlango, tunasoma pamoja kwenye simu yangu, na maswali yake tunayajibu palepale.