Barua kwa mwanangu: mjumbe wa saba

Kamwene mwanangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni, miguu karibu na moto, maana Juni ya Mafinga unaijua. Umeniuliza: anayesoma riwaya ya Kusadikika huku akiiuliza akili mnemba kila anapokwama, amesoma au amesomewa?

Mimi nilisomewa. Nakala zilikuwa nne darasa zima, mwalimu anasoma kwa sauti, sisi tunasikiliza. Tulipofika kwa wale wajumbe wanaotumwa nje kuitafutia mema nchi yao ya Kusadikika, na kila arudiye anatupwa gerezani, mwalimu akauliza kwa nini hawakubaki huko huko. Nikanyoosha mkono: kwa sababu mama zao walikuwa Kusadikika. Akapekua daftari lake la majibu, akasema, "Halimo. Umeliokota wapi?" Darasa likaangua kicheko. Mpaka tunafunga shule naitwa Mama Zao. Baba yako akitaka kunichokoza huniita hivyo, nanyi mnacheka, hamjui nilimeza nini siku ile.

Kwa hiyo majibu yaliyo tayari mimi huyaangalia kwa jicho la pembeni.

Ila nisiwe mwongo. Krismasi uliponipa simu yako niliiuliza swali lile lile. Haikucheka. Ikanieleza kitabu kilitoka 1951, Mwingereza bado anatawala, na Shaaban Robert mwenyewe ni mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Pengine ndiyo maana nchi yake akaitundika angani. Hilo mwalimu wetu hakutuambia! Nikakaa nayo mpaka chai ikapoa. Halafu ikanitajia mjumbe wa saba, na jina kampa, na safari kampa. Nikaenda kabatini, nikafungua kitabu. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhai, Amini. Sita. Nilifurahi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

Nimekuambia tangu darasa la tatu: neno gumu lala nalo usiku mmoja kwanza. "Majivuno" ulilala nalo, asubuhi ukaniambia ni kujaa hewa kama andazi. Simu ingekupa "kiburi" papo hapo, na ingekuwa sahihi. Andazi lisingekuwepo.

Lakini wewe asubuhi ulikuwa na mimi wa kukusikiliza. Huko Dar, kwenye chumba cha kupanga, saa sita usiku utamwamsha nani? Hapo ndipo nami nakwama. Nikikwambia acha, nimekuwa yule mwalimu na daftari lake. Nikikwambia tumia tu, nani atakwenda kabatini kuhesabu wajumbe? Ulimi unaniwasha, ila sisemi. Neno gumu lala nalo, hilo silibadilishi.

Ukija Agosti, njoo na jibu lako la kwa nini walirudi, uwe umelipata kabla simu haijaulizwa. Langu unalijua. Na usisahau betri za redio, zile kubwa.

Mama yako